CAIRO YA MAREKANI: Mji unaotamkwa 'Kero', watu 15,203 wamebaki 1,733!

Na Mwandishi Wetu

UKIMWAMBIA mshikaji kijiweni kwamba unakwenda Cairo, cha kwanza atakuuliza utamletea lini picha ya piramidi. Lakini ipo Cairo nyingine. Haina ngamia, haina Farao, na wenyeji wake wala hawalitamki jina hilo kama Wamisri. Wenyewe wanasema "Kero".

Ndiyo msomaji, umesoma sawasawa: Kero. Kwa masikio ya Mswahili ni kichekesho, ila ukiijua historia ya mji wenyewe kicheko kinakatika katikati.

Mji huo uko Marekani, jimbo la Illinois, kusini kabisa, pale ambapo jimbo linachongoka kama ncha ya mkuki. Ni makao makuu ya Kaunti ya Alexander. Kaunti kwa Wamarekani ni kama wilaya, na kwenye makao makuu yake ndipo penye mahakama, ofisi ya sherifu na hati za viwanja na mashamba. Kwa hiyo usiuchukulie Cairo kama kijiji cha kupita tu. Ni bomani!

Sasa shika kalamu uandike namba mbili. Sensa ya mwaka 1920 ilikuta watu 15,203 katika mji huo. Sensa ya mwaka 2020 ikakuta 1,733. Katika kila watu kumi wa wakati ule, leo hawapo karibu tisa.

Haikupita tauni. Halikupigwa bomu. Hata mafuriko, ambayo kila mtu aliyaogopa, hayakuumeza mji. Sasa watu walikwenda wapi?

MITO MIWILI, RANGI MBILI

Kwanza tuijue ardhi yenyewe, maana bila ardhi hadithi hii haieleweki.

Mto Mississippi unashuka kutoka kaskazini. Mto Ohio unakuja kutoka mashariki. Inakutana hapo hapo, kwenye ncha ya Cairo, mahali panapoitwa Fort Defiance. Ukisimama kwenye ncha hiyo ukatazama kusini, mkono wako wa kulia ng'ambo ya maji ni jimbo la Missouri, na wa kushoto ni Kentucky. Majimbo matatu kwa mkupuo mmoja, na viatu hujavua.

Maji ya Mississippi yana rangi ya udongo, ya Ohio yanaelekea kijani. Yakikutana hayachanganyiki mara moja, yanakwenda sambamba kama watu wawili walionuniana ndani ya basi moja. Na hapa pana jambo litakalokupatia ushindi siku ukibishana na watu: pale Cairo, Ohio ndio wenye maji mengi zaidi, lakini baada ya kukutana jina linalobaki ni la Mississippi. Dunia ndivyo ilivyo, mwenye mali si lazima awe mwenye jina!

Fort Defiance ndiyo sehemu ya chini kuliko zote katika jimbo zima la Illinois, kiasi cha mita 85 tu juu ya usawa wa bahari. Chicago, mji mkubwa ambao kila mtu anaujua, uko mbali karibu kilomita 600. Mtu wa Cairo akitaka kufika jimbo la Mississippi, safari yake ni fupi kuliko kwenda Chicago, ingawa Chicago ndiyo ya jimbo lake.

Mahali pa chini namna hiyo, katikati ya mito mikubwa miwili, bila ukuta hapakaliki. Mwaka 1858 tuta lilipasuka na maji yakaingia mjini. Basi wakazi wakazidi kujenga. Leo mji umezungushiwa matuta na kuta za zege pande zote. Upande wa kaskazini, ambako barabara inapita chini ya reli, kuna lango la chuma lililojengwa mwaka 1914, uzito wake kiasi cha tani 80. Likishushwa, mji umefungwa kama sufuria yenye mfuniko. Maji hayaingii, na gari halitoki kwa njia hiyo.

JINA LILITOKA WAPI?

Mwaka 1818 mfanyabiashara mmoja wa St. Louis, John Comegys, aliitazama ramani akaona hapa ndipo penyewe. Mito mikubwa miwili inakutana kama pale Misri penye Nile na mashamba yake mazuri, ni nini kitakachozuia mji mkubwa kuota? Akapata kibali cha kuanzisha mji na benki, jina akachagua Cairo. Lakini alifariki mapema na mpango ukafa naye.

Majina ya Kimisri hata hivyo yalinoga. Kusini yote ya Illinois inaitwa "Misri Ndogo" hadi leo. Kuna mji unaitwa Thebes, ndio uliokuwa makao makuu ya Kaunti ya Alexander kabla ya Cairo. Kaunti jirani ina Karnak. Kilichokosekana ni Nefertiti peke yake.

Mwaka 1837 akaja Darius Holbrook na kampuni yake. Huyu alikuwa mtu wa mipango hasa. Aliuza hati za mkopo hadi London, akaleta wafanyakazi, ujenzi ukaanza. Mwaka 1840 wakala wake wa London akafilisika, hela zikakata, watu wakafungasha. Mwandishi maarufu wa Uingereza, Charles Dickens, alipita hapo kwa meli mwaka 1842 na alipofika kwao akaandika kitabu kilichouponda mji huo vibaya mno.

NEEMA YASHUKA

Kilichoufufua Cairo ni reli. Kampuni ya Illinois Central ilimaliza njia yake mwaka 1856, na mwisho wa reli upande wa kusini ulikuwa Cairo. Mzigo wa meli unakutana na mzigo wa treni, hapo unategemea nini? Watu 2,188 mwaka 1860 wakawa 6,267 mwaka 1870.

Katikati ya miaka hiyo ilikuja vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Jenerali Ulysses Grant aliweka makao yake Cairo mwaka 1861, na ni kutoka hapo alikopanga safari ya kwenda kuteka ngome za Henry na Donelson mwezi Februari 1862. Baadaye alikuwa rais wa nchi. Wakati huo huo maelfu ya watumwa waliotoroka au kukombolewa kusini walifika Cairo, maana ndiyo ilikuwa ardhi huru ya kwanza waliyoigusa. Wengine walipita, wengine wakabaki.

Wasomaji wa riwaya ya Mark Twain kuhusu kijana Huckleberry Finn watakumbuka kuwa yeye na Jim, mtumwa aliyetoroka, walikuwa wanautafuta mji huu huu. Mpango wao ulikuwa wafike Cairo, waingie mto Ohio, wapande hadi majimbo yasiyo na utumwa. Wakapitwa na mji usiku, kwenye ukungu. Hilo ni la riwaya, lakini ramani aliyoitumia mwandishi ni ya kweli tupu.

Mji ukanawiri. Likajengwa jengo kubwa la forodha, ambalo leo ni makumbusho. Wenye fedha wakajenga majumba ya kifahari kama Magnolia Manor. Ikaja maktaba ya Safford mwaka 1884. Ilipofika mwaka 1900 mji ulikuwa na watu 12,566, zaidi ya theluthi moja wakiwa Wamarekani Weusi. Mahoteli, maduka, baa, mabaharia wenye mshiko mfukoni, starehe mpaka majogoo.

DARAJA LIKIJENGWA, PANTONI INALIA

Mwanzoni ulaji wa Cairo ulitokana na kitu kimoja: hakuna aliyeweza kupita bila kusimama. Treni zilivushwa mto kwa pantoni, behewa baada ya behewa. Watu wanasubiri, wanakula, wanalala, wanatumia.

Mwaka 1889 Illinois Central ikafungua daraja la reli juu ya Ohio. Ni daraja la kujivunia, lakini treni sasa ikawa inapita tu, inapiga honi na kwaheri. Mwaka 1929 likafunguliwa daraja la magari la Mississippi, na mwaka 1938 la Ohio. Mwaka 1978 daraja la barabara kuu namba 57 likapitishwa kaskazini ya mji, na hapo hata madereva wa malori wakawa hawana sababu ya kukanyaga mtaa wa Cairo.

Ukiishia hapo utasema mji uliuawa na maendeleo. Lakini ipo miji mingi iliyopitwa na barabara ikabaki na watu wake. Paducah, upande wa Kentucky, na Cape Girardeau, upande wa Missouri, iko jirani tu, nayo ni ya mtoni vile vile, na hadi leo imesimama. Cairo ilikuwa na ugonjwa mwingine wa ndani.

CHUKI YA KUJIKATA PUA

Tarehe 11 Novemba 1909, Mmarekani Mweusi aitwaye William James, aliyekuwa akituhumiwa kumuua msichana wa Kizungu, alinyang'anywa mikononi mwa sherifu na kundi la maelfu ya watu. Hakuna hakimu, hakuna ushahidi. Aliuawa hadharani mbele ya umati. Usiku huo huo kundi likamtoa gerezani mtuhumiwa mwingine, Henry Salzner, huyu Mzungu, likamuua naye.

Gavana wa Illinois, Charles Deneen, alimng'oa sherifu kazini. Sherifu akaomba arudishwe. Hapo ndipo alipoingia mwandishi wa habari Ida B. Wells, mama Mweusi aliyezaliwa mtumwa. Alikwenda Cairo mwenyewe, akahoji watu, kisha akasimama Springfield, makao makuu ya jimbo, kupinga. Sherifu hakurudi.

Miaka ikapita, ubaguzi haukupita. Mwaka 1962 vijana Weusi walianza kudai haki ya kuogelea kwenye bwawa la mji na kula kwenye mikahawa kama wengine. Kati ya waliofika kuwaunga mkono alikuwa John Lewis, ambaye baadaye alikuwa mbunge hadi alipofariki mwaka 2020. Unajua wenye bwawa walifanya nini? Walilifunga! Baadaye likajazwa zege. Yaani kuliko mtoto Mweusi aingie majini, afadhali na mtoto wa Kizungu akae na jasho lake.

Julai 1967 askari wa jeshi mwenye umri wa miaka 19, Robert Hunt, aliyekuwa nyumbani likizo, alikutwa amekufa ndani ya mahabusu ya polisi. Polisi walisema amejinyonga. Watu Weusi wa Cairo hawakukubali, mji ukalipuka kwa ghasia, askari wa akiba wa jimbo wakaitwa. Baadhi ya Wazungu wakaunda kikundi cha sungusungu kilichojulikana kwa kofia zao nyeupe.

Mwaka 1969 ukazaliwa umoja uitwao United Front, kiongozi akiwa Mchungaji Charles Koen. Silaha yao ilikuwa pochi: kama duka haliajiri Mweusi, Mweusi hanunui. Mgomo huo ulidumu miaka kadhaa, usiku milio ya risasi ikisikika mitaani. Wenye maduka walikuwa na njia rahisi ya kuumaliza, nayo ni kuajiri wauzaji wachache Weusi. Wengi waliona bora wafunge. Na wakafunga kweli.

Piga hesabu mwenyewe. Mwaka 1960 watu walikuwa 9,348. Mwaka 1970 wakawa 6,277. Miaka kumi, mtu mmoja katika kila watatu ameondoka. Waliofungasha ni Wazungu na Weusi pia, maana mji usio na duka wala kazi haumchagui mtu kwa rangi.

Tangu mwaka 1913 wajumbe wa halmashauri walichaguliwa na mji mzima kwa pamoja, kwa hiyo wenye wingi walizoa viti vyote. Mwaka 1980, baada ya kesi mahakamani, ndipo mji ulipoanza kuchagua madiwani kwa kata na watu Weusi wakapata nafasi ya kuingia. Walikabidhiwa funguo za nyumba ambayo vitu vilishahamishwa. Mwaka 1986 na hospitali nayo ikafunga milango.

KIMBEMBE CHA MWAKA 2011

Turudi kwenye maji. Mwezi Aprili 2011 mito yote miwili ilijaa kwa pamoja. Maji yakaanza kububujika kutoka ardhini ndani ya mji, kwa sababu mto uliokuwa nje ya ukuta ulikuwa juu kuliko mitaa iliyokuwa ndani. Wakazi wakaamriwa kuondoka. Tarehe 2 Mei kipimo cha mto pale Cairo kilisoma futi 61.72, kiwango ambacho hakijawahi kuonekana. Kuta zimejengwa kuhimili futi 64.

Wahandisi wa Jeshi la Marekani walikuwa na mpango wa tangu zamani: kulipua tuta la Birds Point, ng'ambo upande wa Missouri, ili mto upumulie kwenye mashamba. Missouri ikaenda mahakamani kupinga, ikashindwa. Spika wa Baraza la Wawakilishi la Missouri alipoulizwa na waandishi bora kizame kipi, mashamba au Cairo, alijibu Cairo. Baadaye aliomba radhi, lakini neno likitoka limetoka.

Usiku wa tarehe 2 Mei baruti ikapigwa. Maji yakafunika eka 130,000 za mashamba. Cairo ikapona. Lakini upande wa pili kijiji kidogo cha Pinhook, kilichoanzishwa na wakulima Weusi, kikasombwa chote. Maskini ameokolewa kwa gharama ya maskini mwenzake.

WALIONUSURIKA MAJI WAHAMISHWA NA SERIKALI

Kilichofuata hakikuhitaji mvua. Nyumba za umma za Elmwood na McBride, zilizokuwa zinapangishwa kwa watu wa kipato cha chini, zilikuwa zimechakaa kupita kiasi. Panya, mende, mabomba mabovu, watu wanaota moto kwenye oveni za kupikia wakati wa baridi. Mwaka 2016 serikali kuu ya Marekani iliichukua mamlaka ya nyumba ya kaunti baada ya kuendeshwa vibaya kwa miaka. Mwaka 2017 ikatangaza kuwa haitazitengeneza nyumba hizo, wapangaji wahame.

Walikuwa watu wapatao 400, nusu yao watoto. Walipewa hati za kusaidiwa kodi popote watakapopata nyumba. Tatizo, ndani ya Cairo nyumba za kupanga zilikuwa hazipo. Kwa hiyo msaada wenyewe ukawa tiketi ya kuondoka. Mwaka 2022 wapangaji wa jengo jingine la umma, ghorofa lenye wazee wengi, nao wakaambiwa waondoke kwa sababu jengo haliaminiki tetemeko likipiga.

Ndiyo maana kati ya sensa ya 2010 na ya 2020 mji ulishuka kutoka watu 2,831 hadi 1,733. Kaunti nzima ya Alexander ilibaki na watu 5,240, ikaongoza kaunti zote za Marekani kwa kupoteza watu kwa asilimia katika miaka hiyo kumi. Ubingwa ambao hakuna anayeutaka.

WALIOBAKI

Leo karibu watu saba katika kila kumi wa Cairo ni Weusi. Wengi wao ni wajukuu na vitukuu wa wale waliovuka mto wakitafuta uhuru, na wa wale waliogoma mbele ya maduka.

Duka kubwa la chakula lilifungwa mwaka 2015, ikawa mtu kununua nyanya lazima avuke daraja au aende mbali kwa gari, na wengi gari hawana. Mwaka 2023 wakafungua duka la ushirika, wanahisa wakiwa wakazi wenyewe. Mwaka uliofuata likaanza kuyumba, lakini waliolianzisha walikuwa wameonyesha kuwa hawajaridhika kukaa mikono kifuani.

Lingine ni bandari. Matishari yaliyosheheni mahindi na makaa yanapita mbele ya mji usiku na mchana, hayatii nanga. Jimbo la Illinois lilitenga dola milioni 40 kusaidia mradi wa bandari ya mtoni, kwa hoja ile ile ya Comegys ya mwaka 1818: mito miwili inakutana hapa, itakosaje kulipa? Ramani haijawahi kuidanganya Cairo. Waliodanganya ni watu.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapobahatika kwenda majuu, usiishie kupiga picha Chicago. Panda gari uteremke kusini hadi jimbo liishe. Utapita chini ya lango la chuma, utaona mitaa mipana yenye majengo ya matofali yasiyo na watu, kisha utafika kwenye ncha uione mito inavyonuniana. Ukikutana na mwenyeji umsalimie vizuri, na tafadhali usiseme "Kairo". Sema "Kero". Atajua umemfuata yeye, hukupotea njia ya piramidi.